Mgonjwa anarudi na kichwa kilekile kila mara. Nimuulize vipi kama anapigwa nyumbani?

TabibuMilimani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya huku mkoa wa Mbeya, upande wa milimani, kwenye viazi na parachichi. Huu ni mwaka wangu wa sita hapa. Naandika kwa sababu kuna mama nilimkosea, na sitaki kumkosea mwingine.

Nianze na daftari. Kwa wasio wa huku: mgonjwa wetu anakuja na daftari la shule, lile jembamba, juu kaandika jina, umri na kijiji. Humo ndimo tunamoandika kila kitu, anaumwa nini, amepimwa nini, amepewa dawa gani. Akimaliza anaondoka nalo. Linalala nyumbani kwake, juu ya kabati au chini ya godoro, na kila aliyemo nyumbani anaweza kulisoma.

Mama huyu ana miaka ishirini na kitu, watoto watatu. Siku moja ya Machi nikafungua daftari lake nikaanza kurudi nyuma kurasa. Tangu Oktoba alikuwa amekuja mara tano. Kichwa. Tumbo la chini. Kichwa. Kukosa usingizi. Kichwa. Panadol kila safari, dawa za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara mbili huku mkojo hauna kitu. Miandiko miwili kati ya hiyo mitano ilikuwa yangu mwenyewe, na sikuwa nimeunganisha.

Siku hiyo sauti yake ilikuwa imekauka, nikadhani mafua, lakini koo lilikuwa safi. Kwenye mkono wa kushoto, upande wa nje chini ya kiwiko, palikuwa na uvimbe. Akasema kuni zilimwangukia. Kuni zikianguka huwa zinakupata mguuni au begani. Upande ule wa mkono unaumia mtu akijikinga uso. Nilimuuliza pazia likiwa limefunguka nusu na foleni inachungulia. Kwanza alikataa. Nilipoinamisha kichwa na kumuuliza tena polepole, machozi yakatoka, akasema ni mume.

Nikaandika kwenye daftari: "Anapigwa na mume. Ameshauriwa kwenda polisi kuchukua PF3." PF3 ni ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa. Nikajiona nimefanya kazi yangu.

Wiki mbili baadaye dada yake alimleta mtoto mdogo wa yule mama, ana homa, na humo kikapuni lilikuwamo daftari la mama. Nilipolifungua kutafuta ukurasa wangu, nilikuta umechanwa. Kimebaki kipande chembamba kwenye pini. Dada akasema maneno mawili tu, "Alisoma shemeji." Mama hajarudi kwetu tangu siku ile. Nimeambiwa yuko kwao, na mtoto mkubwa amebaki kwa baba.

Kwa hiyo nimekaa nikajiuliza: ni nani hasa ninayepaswa kumuuliza, na nimuulize vipi?

Mkoa wetu si mgeni wa jambo hili. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 ulikuta kwamba hapa Mbeya wanawake 56 katika kila 100 waliowahi kuwa na mwenzi walikuwa wamepigwa au kulazimishwa kingono naye. Dar es Salaam walikuwa 41. Nchi nzima, utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15, iwe na mume au mtu mwingine, na ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 27. Imeshuka, namshukuru Mungu. Lakini nikiona wanawake ishirini kwa siku, hesabu hiyo ni kama watano wamekaa kwenye benchi langu. Mimi nilikuwa namwona mmoja kwa miezi, na huyo ni yule mwenye jeraha usoni.

Nimeanza kuweka kumbukumbu kichwani, nawaeleza ninachokiona ili wenye uzoefu wanisahihishe.

Pombe ipo, tena sana. Lakini nimeanza kuona pombe peke yake hainiambii kitu, maana mlevi yuleyule hampigi mwenyekiti wa kijiji wala mwenye kilabu. Anafika nyumbani akijua nani wa kumpiga. Kinachoniambia zaidi ni pombe ikiandamana na kushikwa: mume ndiye anayeshika simu ya mkewe, ndiye anayeamua aende kituoni au asiende, ndiye anayeshika hela za viazi wakati jembe alishika mama. Msimu wa kuuza ndio mbaya zaidi kwetu. Gari linapakia shambani, hela inaingia mfuko mmoja, mama akiuliza ada ya mtoto iko wapi, jibu ni kofi. Aprili na Mei naona majeraha, miezi ya njaa naona vichwa na matumbo.

Kuna walioolewa wakiwa watoto kabisa, mume kamzidi miaka kumi na zaidi. Kuna wasiopata mimba, wanaokuja kutafuta dawa ya uzazi huku mume hajawahi kupimwa na mama mkwe ameshaanza kutaja mke mwingine. Kuna waliokutwa na VVU kliniki, wakatakiwa wakamwambie mume, wakaenda wakamwambia. Kuna aliyekuja na mtoto wa ndoa ya kwanza. Na wapo waliokua wakiona mama zao wakipigwa, ambao ukiwauliza wanakwambia "kawaida tu, daktari, nyumba zote." Nilishangaa kusoma kwamba mwaka 2015-16 wanawake asilimia 58 walikubali kuwa mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu fulani, na wanaume ni asilimia 40. Sasa sishangai. Mtu aliyefundishwa hivyo hawezi kukuletea kama ugonjwa. Atakuletea kichwa.

Maswali yangu ni haya. Nimuulize kila mwanamke au wenye dalili tu? Chumba changu kina pazia badala ya mlango, nafanyaje? Kwenye daftari niandike nini? Na wale walio kwenye hatari ya kuuawa, nitawatambuaje kabla hawajatoka mlangoni?

MkungaPwani

Marahaba mwanangu. Mimi ni mkunga mstaafu, miaka thelathini na moja kazini, ya mwisho ilikuwa zahanati ya pwani ya Tanga. Umekosea, ndiyo, lakini umerudi kutazama ulipokosea.

Kanuni yangu ilikuwa moja: simuulizi mwanamke akiwa na mtu yeyote anayeweza kuongea. Mume, wifi, mama mkwe, shoga, hata mtoto aliyeanza kusema. Mtoto wa miaka minne akifika nyumbani atasema "mama alimwambia nesi baba anapiga," na hana kosa, ni mtoto.

Sasa utampataje peke yake? Mkojo. Siku ya kliniki waume tumewaita wenyewe waje na wake zao kwenye hudhurio la kwanza, na ni jambo jema, lakini ndipo unapomkosa mama. Mimi nilikuwa nampa kikopo, namwambia twende nikuonyeshe choo. Hakuna mume anayefuata choo cha wanawake. Pale njiani, dakika tatu, ndipo nilipoyasikia mengi kuliko yote niliyosikia ofisini. Kupima uzito nako kunasaidia, kama mzani umeuweka chumba cha ndani.

Swali usiulize "unapigwa?" Neno hilo linamfanya ajifiche. Mimi nilikuwa naanza mbali: "Mambo ya nyumbani yanaendaje? Mkitofautiana inakuwaje?" Nanyamaza. Halafu: "Kuna siku unamwogopa?" Hapo kwenye kuogopa ndipo wengi walipofunguka. Wapo waliosema hapana, nikaona macho. Hao sikuwasukuma. Nilisema tu, "Sawa mwanangu, ila siku yoyote, mlango huu ni wako." Mmoja alirudi baada ya mimba nyingine mbili.

Kuhusu kuuliza wote: kwenye OPD yako, wagonjwa wa nje, hutaweza, na hata Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2013 halisemi uulize kila mgonjwa. Linasema uliza ukiona hali inayoweza kutokana na kipigo au iliyozidishwa nacho. Wajawazito ni habari nyingine, hao unakutana nao mara nyingi na unaweza kuwauliza wote, mradi kuna faragha na una pa kumpeleka. Kama huna vyote viwili, usiulize kwanza. Vitafute.

Na angalia mama mjamzito anayekuja hana mume, wenzako wanamrudisha akalete barua ya serikali ya mtaa. Mwulize taratibu kwa nini mume hakuja, kabla hujamrudisha. Wengine mume yupo, wamemkimbia.

Daftari: usiandike humo kamwe. Andika jeraha tu, "maumivu ya mkono," umempa nini. Maelezo kamili weka kwenye rejista inayobaki kabatini na kufuli. Sisi wa uzazi wa mpango tulikuwa na boksi la kadi za kina mama waliochoma sindano kwa siri. Kadi haiendi nyumbani, anaikuta palepale. Na mtu anayeficha sindano ya uzazi wa mpango, mwanangu, mwulize anaficha kwa nani.

MamaWawili_Moro

Mimi si mtu wa afya, ni mgonjwa. Naombeni niseme.

Nilikwenda zahanati zaidi ya mara nane kwa kifua kubana na moyo kwenda mbio. Niliambiwa presha, nikaambiwa vidonda vya tumbo, nikapigwa picha ya kifua niliyokopa hela yake. Mara moja tu daktari aliniuliza, "Mama, mbona una alama shingoni, mumeo anakupiga?" Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pembeni yangu, ameshika mtoto. Nikacheka. Nikasema upele. Usiku ule nililipia lile swali, na tangu siku hiyo nilikuwa nikienda kituoni najifunga mtandio hata jua likiwa kali.

Aliyenisaidia alikuwa muuguzi wa kufunga vidonda. Hakuniuliza kitu. Alimaliza kufunga kidole changu, akaendelea kunishika mkono, akasema, "Aliyekufanyia hivi amekosea. Wewe hujakosea." Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akisema hivyo. Kwetu niliambiwa vumilia, kanisani niliambiwa omba, mjumbe aliniuliza nimemfanya nini mume mpaka akasirike.

Daktari, tafadhali usimuulize mtu "kwa nini huondoki." Mimi nilikuwa nalijua jibu kuliko wewe: nyumba ya kwao, shamba la kwao, watoto wa ukoo wao, na mimi mahari nilishatolewa, kaka zangu waliila. Nilihitaji kuambiwa mtu gani, ofisi ipi, siku ipi, na nauli shilingi ngapi. Muuguzi aliniandikia namba ya simu nyuma ya karatasi ya dawa, akaandika jina "fundi cherehani." Niliishi nayo miezi saba.

UstawiKata

Dada MamaWawili, pole sana, na asante. Hilo la fundi cherehani nitaliiba.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Nijibu swali la mwisho la tabibu, la hatari ya kuuawa, maana hapo hakuna muda wa kuzungukazunguka.

La kwanza ni kukabwa. Umesema sauti ilikuwa imekauka na koo ni safi. Ndugu yangu, lile halikuwa mafua. Sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, vitone vyekundu kwenye weupe wa macho, kizunguzungu, kujikojolea wakati wa tukio. Mara nyingi shingoni hamna alama yoyote. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2008 ulikuta mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake ana hatari ya kuuawa naye zaidi ya mara saba kuliko asiyekabwa. Uliza moja kwa moja: "Amewahi kukushika shingo?" Akisema ndiyo, usimpe panadol na kumwachia. Mshikilie, apimwe vizuri, apumzishwe. Hali ya mtu aliyekabwa inaweza kubadilika saa nyingi baadaye.

Mengine ninayouliza: vipigo vimeongezeka karibuni? Amekutishia kukuua, na wewe unaamini anaweza? Kuna panga, kuna bunduki ya kuwindia? Anakulazimisha tendo la ndoa? Amekupiga ukiwa na mimba? Ana wivu wa kukufuata kila uendako? Amesema atajiua? Na lile ambalo wengi hawalijui: kuondoka kwenyewe, au kutangaza kuwa utaondoka, ni wakati wa hatari kubwa. Ndiyo maana kumwambia mtu "ondoka leo" bila mpango kunaweza kummaliza.

Halafu naomba, kwa heshima zote, acheni kumwita mume kituoni "msuluhishe." Nimeliona kwa watoa huduma wengi, kwa nia njema kabisa. Mume anakuja, anaomba radhi mbele yenu, anamshika mkewe mkono, wanaondoka. Nyumbani anamuuliza umeniaibisha kwa nani na nani.

PF3 isiwe kizuizi cha matibabu. Aliyeumia tibu kwanza, fomu ifuate. Ukimshauri kwenda polisi, mwelekeze Dawati la Jinsia na Watoto, asiingie kaunta akaanza kusimulia mbele ya kila mtu, na mwulize kwanza kama anataka kwenda. Hospitali kubwa kadhaa zina kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi mahali pamoja. Jua kilicho karibu nawe kiko wapi, uwe na namba kabla hujamuuliza mgonjwa swali lolote. Na akikuambia sheria inamruhusu mume, mwambie haimruhusu: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza mwenzi kumpa mwenzake adhabu ya viboko.

Fundi_Makambako

Nimesoma yote mara mbili ndipo nimeandika. Mimi nilikuwa napiga. Baba yangu alimpiga mama mpaka mama akapoteza jicho, nikaapa sitakuwa yeye, nikawa yeye.

Nilikwenda zahanati mkono umevimba vifundo vya vidole, mara mbili mwaka mmoja. Nilisema nyundo. Daktari aliniuliza nyundo imepiga vidole vinne sawasawa vipi, tukatazamana, akaandika dawa. Angeniuliza swali moja zaidi siku ile ningelijibu, nilikuwa nimechoka. Nilikuwa silali, nakunywa asubuhi, kazi imekwisha. Aliyeniuliza baadaye ni mchungaji, na kufikia hapo mke alishaondoka na alikuwa sahihi kuondoka.

Tabibu, usiache kuwatazama wanaume kwenye benchi lako pia. Sisemi mtuonee huruma badala ya wao. Nasema tuulizeni.

TabibuMilimani

Nimesoma majibu haya nikiwa zamu ya usiku. Asanteni.

Afisa ustawi, uliposema kukabwa nilifunga simu nikatoka nje. Nilimtazama koo kwa tochi, nikaandika "koo safi." Sikuuliza shingo. Leo asubuhi nimempigia mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji cha kwao, mama mmoja ninayemwamini, nikamwomba ampitie kwa habari ya chanjo ya mtoto, asitaje jina langu wala daftari. Amerudisha ujumbe: yupo, anakula, sauti imerudi, kichwa bado. Anasema atakuja akijua ni siku ipi mimi nipo na hakuna watu.

MamaWawili, nimekuelewa. Sitauliza kwa nini.

Fundi, nimekusikia. Kuna mzee mmoja anayekuja kwa presha na mkewe haji kabisa. Akija mwezi ujao nitamuuliza analala vipi.

Mama mkunga, kliniki ya wajawazito ni Jumatatu. Mtu wetu wa maabara ana chumba chenye mlango na komeo, na dirisha linaangalia shamba la migomba. Nimeshakubaliana naye: vikopo vya mkojo vitatolewa humo, na mzani nimeuhamisha jioni hii. Rejista nimeinunua dukani, ile ya jalada gumu, ufunguo wa kabati ninao mimi na muuguzi kiongozi. Naomba unisaidie jambo moja dogo kabla ya Jumatatu. Wengi wa mama zetu wazee, na hata wasichana wa vijijini ndani, Kiswahili cha mambo ya chumbani hawakitumii, wanaongea Kinyakyusa, na mimi si wa huku, nimejifunza cha salamu na cha dawa tu. Pale Tanga uliwahi kuuliza swali lile la kuogopa kupitia mtu anayetafsiri? Na ulimchagua vipi mtu huyo, ikiwa kila anayeijua lugha ni shangazi au jirani wa mume?